Kaya Saba Zilizopungua

Wanafunzi walimwita Bi Tanbihi, naye alijua, akanyamaza. Jina lilitoka kwa kundi moja la zamani lililochoshwa na wimbo wake: "Someni mpaka tanbihi. Mwandishi akiwa na jambo la kuficha, hulificha kwenye herufi ndogo." Kundi lile lilihitimu likaenda zake, jina likabaki pale pale na mwenyewe.

Somo lake halikuwa na mteja. Wanafunzi wa kilimo wa mwaka wa tatu walilazimika kulipita kabla ya kuruhusiwa kuandika utafiti wao: namna ya kusoma makala za majarida ya kitaaluma, kuzihoji, na kuandika kwa mtindo huo. Walimu wenzake walilikwepa kama deni la mtu mwingine. Yeye alirushiwa angali mwalimu msaidizi, akalidaka, na miaka ilivyokwenda akalipenda kwa ile huruma ya mzazi kwa mtoto asiyesifiwa na wageni. Alifundishia chumba cha chini, nyuma ya maabara ya udongo, chenye projekta iliyotia kila kitu rangi ya kijani na dirisha lililotazama mfereji wa maji machafu.

Wengi waliingia darasani wakidhani makala ya jarida ni hukumu ya mahakama: haijadiliwi, inanakiliwa. Walisoma ikisiri, ile aya fupi ya mwanzo yenye muhtasari wa yote, wakairuka karatasi yote iliyobaki, wakatua kwenye hitimisho. Kwa hiyo Bi Tanbihi alikuwa na mkasi. Kila makala aliyowapa aliikata ikisiri na hitimisho, akawaachia kiwiliwili.

"Ikisiri ni posa," aliwaambia. "Siku ya posa kila mtu ana adabu na shati limepigwa pasi. Mbinu na majedwali ndiyo ndoa yenyewe. Nani hapa ataoa kwa kuangalia posa tu?"

"Mwalimu, wengine ndivyo tulivyozaliwa," alijibu mmoja wa nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Muhula ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake kusikia kicheko cha namna hiyo chumbani mle.

Alikuwa amechagua makala ya Profesa. Alitaka kuwaonyesha maandishi safi, na hakujua maandishi safi kuliko ya mkuu wao wa idara. Sentensi za Profesa zilikwenda kama mtu anayejua njia. Tena Profesa hakuwa mwandishi tu kwake. Bi Tanbihi alipofiwa na baba yake akiwa mwaka wa pili, Profesa ndiye aliyemsindikiza hadi stendi alfajiri ya baridi na kumvisha koti lake mwenyewe, koti ambalo hakulidai tena. Ndiye aliyemsimamia mpaka shahada ya pili, akamwombea kazi. Watu walisema Bi Tanbihi ni binti wa Profesa asiyetumia jina lake, na yeye hakuwahi kukanusha.

Makala yenyewe ilihusu vidonge vya kuhifadhia mahindi, vile vinavyotumbukizwa ndani ya gunia ili vitoe hewa inayoua wadudu. Profesa alichunguza kaya zinazolala chumba kimoja na magunia yao, kama wanavyofanya wengi wasio na ghala, akakuta hakuna aliyedhurika. Makala hiyo ilikuwa imesafiri mbali. Watengenezaji wa vidonge waliichapa kwenye makopo yao kwa herufi nyekundu: *Utafiti umethibitisha, salama hata ndani ya nyumba.*

Siku hiyo projekta ilikuwa imezimika, kila mtu amekodolea macho nakala yake. Binti mmoja akanyoosha mkono. Alikuwa mwembamba, mtoto wa fundi viatu, na wenzake walimwita Msumari kwa kuwa maswali yake yaliingia kwa pigo moja lakini kuyachomoa ilikuwa kazi.

"Samahani, Mwalimu. Kwenye mbinu wameandika kaya sitini. Jedwali la kwanza, sitini. Jedwali la pili, hamsini na tatu."

"Wapo wanaojitoa katikati. Hutokea."

"Ndiyo, Mwalimu, ila ulisema mwandishi lazima aeleze. Huyu hajaeleza. Halafu hapa chini ameandika 'katika kaya zote'." Akageuza karatasi, akaigeuza tena kana kwamba jibu lingedondoka. "Sasa hizi kaya saba zimekwenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Upande wa pili wa ukuta, mtu wa maabara alikuwa akiburuta mtungi wa gesi sakafuni.

"Labda ni kosa la uchapaji," alisema Bi Tanbihi, na papo hapo akajisikia vibaya. Ndilo jibu ambalo kila mwaka aliwachorea mstari mwekundu.

Akawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja amwandikie mwandishi wa makala swali moja la heshima. Kisha akapanda ngazi kwenda kwa Profesa, kwa nia njema kabisa. Aliamini angeshuka na jibu kabla chai haijapoa.

"Karibu, binti yangu," Profesa alisema. Ofisi ilikuwa na zulia na maua ya kwenye vyungu aliyoyamwagilia mwenyewe. Alisikiliza huku akitabasamu, kisha akacheka kidogo. "Makala ile ina umri wa ndoa yako. Leo ndiyo mmekaa kuihesabu?"

"Ni wanafunzi, Profesa. Unajua tunavyowafundisha."

"Najua." Akamimina chai. "Mvua zilianza mapema mwaka ule. Watu walihama."

"Walihamia wapi?"

Profesa akazipanga kalamu zake, nyeusi kwa nyeusi, nyekundu kwa nyekundu. Tabasamu lilikuwa bado lipo mdomoni, limesahaulika.

"Nani aliyeuliza?"

"Darasa zima."

"Darasa halina mdomo, binti yangu. Mdomo huwa wa mtu."

Bi Tanbihi hakumtaja. Lakini alipokuwa akishuka ngazi alihisi kama mtu aliyeacha mlango wazi nyumbani na hakumbuki ni upi.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa mlangoni: somo limehamishiwa kwenye stoo ya zamani ya samani, kwa sababu za ukarabati. Fundi hakuonekana. Barua ya Msumari ya kwenda mafunzo kwa vitendo haikutoka, za wenzake wote zilitoka. Karani alisema iko njiani, kesho yake akasema haijawahi kuwapo. Kisha akaja mgeni. Alikaa nyuma, juu ya meza iliyovunjika mguu, viatu vyake vikimetameta mle vumbini. Alijitambulisha kwa upole kwamba anatoka kwa watengenezaji wa vidonge, idara imemruhusu, amekuja kujifunza tu. Hakuandika neno. Kipindi kilipokwisha alimfuata Msumari hadi kwenye varanda, akampongeza kwa swali lake zuri, akamuuliza nyumbani kwao ni mtaa gani.

Siku hiyo Msumari hakuwa ameuliza swali lolote.

Nyumbani Bi Tanbihi hakueleza yote, lakini mumewe, fundi umeme mwenye mazoea ya kutafuta hitilafu kwa kusikiliza, aliunganisha mwenyewe.

"Mama watoto, mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe."

"Sijapiga mtu ngumi. Nimeuliza hesabu."

"Kwa wakubwa ni kitu kimoja."

Lakini kilichomkosesha amani hakikuwa mgeni wala stoo. Kilikuwa hapo hapo uani, katika chumba cha mama mkwe. Mama yule mjane alilima ekari zake mpaka magoti yakagoma, sasa aliuza mahindi kwa jumla, na magunia yalipangwa chumbani mwake kuanzia kitandani hadi darini. Usiku alilala ameyaegemea kama mtu anayemlinda ndugu mgonjwa. Siku hizi alikuwa akiamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Akisema ni uzee, wote waliitikia ni uzee.

Bi Tanbihi aliingia, akaliokota kopo chini ya kitanda, akasoma zile herufi nyekundu. Chumba kilinuka kitu kama kitunguu saumu kilichooza.

"Mama, haya magunia yatoke humu."

"Yaende wapi, mwanangu? Magunia haya yamemsomesha mumeo. Leo niyalaze nje kama mbwa?"

"Basi dirisha liwe wazi."

"Ili mwizi aingie kama mwenye nyumba!" Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. "Si ninyi wasomi mlioandika kwamba hayana neno? Soma hapo, mimi macho sina."

Bi Tanbihi akaligeuza kopo mkononi. Kopo lilimjibu vizuri kuliko yeye. Mwishowe walikubaliana dirisha likae wazi mpaka mumewe ajenge kibanda cha mabati pembeni ya uzio. Mbao zililetwa. Kazi za watu zikambana mumewe, mbao zikakaa.

Maswali ya wanafunzi yalipelekwa kwa Profesa katika bahasha moja na hayakujibiwa. Ndipo Bi Tanbihi aliposimama mbele ya darasa kwenye ile stoo na kusema kwamba mwandishi asipojibu, taaluma ina mlango wa pili: mhariri wa jarida. Watamwandikia barua. Anayeogopa atoke, hatamlaumu, na alama zake hazitaguswa. Wachache walitoka, wakiangalia viatu vyao. Kiongozi wa darasa alikuwa mmoja wao. Alirudi kuchukua mkoba aliousahau, akashindwa hata kusema samahani.

Waliobaki walifundishwa somo gumu kuliko yote: kuandika kwa hasira bila hasira kuonekana. Rasimu ya Msumari ilikuwa na maneno "aibu", "udanganyifu" na "kwa makusudi". Bi Tanbihi aliyafuta moja baada ya jingine.

"Mwalimu, unaing'oa meno."

"Naipa meno. Ukimwita mtu mwongo, atajitetea kwamba si mwongo, na watu watatazama ugomvi. Ukimuuliza kaya saba ziko wapi, hana pa kutazama isipokuwa kwenye jedwali. Neno chungu lifute. Swali liache."

Barua ilipokamilika ilikuwa fupi, baridi, yenye marejeo yaliyopangwa sawasawa. Alipofika mahali pa majina, Bi Tanbihi aliandika lake peke yake.

Msumari aliliona. "Mwalimu, swali ni la nani?"

"Lako. Lakini mimi nina ajira, nina mume, nimekula chumvi. Wewe una mwaka mmoja tu kumaliza. Wakikushika, hutatoka."

"Ulitufundisha kwamba kuchukua wazo la mtu bila kumtaja ni wizi." Alisema bila ujeuri. "Au hiyo ni ya mtihani tu?"

Bi Tanbihi akaiweka kalamu mezani. Alimtazama mtoto wa watu, viganja vyembamba, shati lililofuliwa mpaka rangi ikakata tamaa. Kumtaja ni kumtia hatarini, kumficha ni kumwibia. Miaka yote hiyo ya kufundisha marejeo, hakuwahi kudhani kwamba jina la mtu kwenye karatasi linaweza kuwa na uzito kiasi kile. Akaliandika jina la binti mwanzo, lake likafuata, barua ikatumwa.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa fujo, na upepo. Upande wa chumba cha mama mkwe ndio uliopigwa. Asubuhi ya tatu Bi Tanbihi alikuwa akivaa viatu vya kwenda kazini akagundua kwamba hakusikia redio ya mama mkwe. Mumewe alikwenda kugonga. Akagonga tena, kisha akaupiga mlango bega.

Mama alikuwa amefunga dirisha ili magunia yasilowe, na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa. Maji yalikuwa yamepenya darini, yakitiririka taratibu juu ya magunia, na unyevu huo ndio uliovichemsha vidonge vikatoa hewa yao yote kwa mkupuo. Harufu iliwarudisha nyuma. Mumewe alijifunga shati puani, akaingia, akatoka amembeba mama yake mikononi kama mtoto, miguu ya bibi ikining'inia, soksi moja imechomoka.

Hospitali walimrudisha, lakini hakurudi mzima. Moyo ulikuwa umepata kovu, daktari alisema, na mikono ilitetemeka hata ikiwa imelala. Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa kukesha, aliuliza kama chumbani kulikuwa na nafaka. Walipoitikia, hakuonekana kushangaa.

"Mvua zikianza huwa tunawapata," alisema.

"Wengi?"

"Wanaofika hapa, wachache." Akaandika kitu kwenye faili, akaondoka.

Bi Tanbihi alibaki amesimama kwenye korido inayonuka dawa ya kusafishia, na maneno ya Profesa yakamjia yenyewe. *Mvua zilianza mapema mwaka ule. Watu walihama.* Akaketi kwenye benchi.

Juma hilo hilo aliitwa kwenye kikao cha idara. Hoja ilikuwa kwamba ameshawishi wanafunzi kuchafua jina la taasisi. Walimu aliokuwa akinywa nao chai walisoma karatasi zao kwa bidii isiyo ya kawaida. Mmoja alimtetea, kwa sauti ndogo, kisha akakohoa kama anayeomba radhi. Profesa, aliyeketi kichwani mwa meza, alipanga kalamu zake. Bi Tanbihi aliondolewa somo, akahamishiwa kwenye chumba cha kutunza tasnifu za zamani, nyaraka ambazo hakuna aliyezifungua tangu zifungwe. Msumari aliandikiwa kwamba mafunzo yake kwa vitendo hayakukamilika, hivyo arudie mwaka. Alilisoma tangazo ubaoni, akalipiga picha kwa simu, akaenda kumsaidia baba yake kushona viatu.

"Unanichukia?" Bi Tanbihi alimuuliza alipomfuata kibandani kwa baba yake.

"Hapana, Mwalimu. Ila wamekosea tarehe kwenye lile tangazo. Nimewaandikia."

Majibu ya mhariri yalipofika, yalikuwa mistari michache: swali limepokelewa, mwandishi ametakiwa kuwasilisha takwimu zake ghafi, makala imewekewa tangazo la tahadhari hadi zitakapofika. Hakukuwa na shukrani wala pole. Kwa watu wa fani hiyo, hayo yalikuwa radi.

Na alasiri moja Profesa akaja nyumbani. Alikuja peke yake, kwa miguu, na mfuko wa machungwa. Bi Tanbihi alimkaribisha kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumpokea. "Shikamoo, Profesa." "Marahaba, binti yangu." Aliketi karibu na mama mkwe, akamuulizia hali, akamwangalia akijaribu kumenya chungwa na kushindwa. Akalichukua, akalimenya mwenyewe, akalitenga vipande, akamwekea kiganjani kimoja kimoja. Mama mkwe alimshukuru. Hakujua ni nani, hakuna aliyemwambia.

Baadaye aliomba kuonyeshwa chumba. Kilikuwa kitupu, mlango na dirisha wazi, lakini harufu ilikuwa bado imeng'ang'ania kuta. Profesa alisimama kizingitini, hakuingia.

"Mhariri anataka takwimu ghafi," alisema.

"Ndiyo."

"Hazikuwa saba."

Bi Tanbihi alidhani hakusikia vizuri. "Umesemaje, Profesa?"

"Kaya. Hazikuwa saba tu." Aliongea kwa utulivu ule ule wa kufundishia. "Mara ya kwanza niliposaini kuiondoa kaya yenye wagonjwa, niliambiwa ni homa za msimu. Nikaamini, kwa kuwa ilinifaa kuamini. Nyingine niliziandika upya, nikazijazia kaya nyingine za kijiji cha pili. Hizo saba ni zile nilizosahau kuzijazia." Akautazama ukuta. "Zimekaa hapo muda wote huo. Na wakaguzi wa jarida walipita juu yake. Wewe mwenyewe ulipita."

"Nilipita," alisema Bi Tanbihi.

"Ni yule binti tu."

"Zilikuwa ngapi, Profesa?"

Alifungua mdomo. Kisha akasema takwimu ghafi zimo kwenye kabati la ofisini kwake, rafu ya chini, na kwamba mtu wa makopo ameulizia ufunguo. Akaaga. Alivuka barabara bila kutazama, gari likampigia honi, hakugeuka.

Bi Tanbihi hakungoja kesho. Alimpigia simu Msumari, wakaenda pamoja chuoni kabla ofisi hazijafungwa. Kabati lilikuwa limeshafunguliwa. Rafu ya chini ilikuwa tupu, na vumbi lilionyesha umbo la mafaili yaliyokuwa yamekaa hapo.

Waliketi kwenye ngazi za nje, wakaandika barua ya pili kwa mhariri. Safari hii haikuwa ya maswali. Iliandika alichosema Profesa, wapi, na mbele ya nani, pasipo neno chungu hata moja. Jarida lilimwandikia Profesa. Hakukanusha, wala hakuthibitisha. Aliomba kustaafu mapema, akaenda kuishi kwa dada yake. Kwa kukosa takwimu na kukosa utetezi, makala iliondolewa. Ukiitafuta sasa utaikuta na mstari mzito uliokatiza kila ukurasa.

Msumari alirudia mwaka, akahitimu. Siku hizi yeye ndiye anayesimama mbele ya darasa la chumba cha chini, kama mwalimu msaidizi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka somo lile. Bi Tanbihi yuko bado kwenye tasnifu za zamani. Mwanzoni alikwenda kule kama mtu anayetumikia kifungo. Kisha akaanza kuzifungua, moja baada ya nyingine, na kuhesabu. Mumewe humkuta jioni ameduwaa, humuuliza kuna nini. Yeye humwomba tu afunge madirisha yote isipokuwa la mama.

Mapema mwaka huu, siku mawingu yalipoanza kujikusanya, Bi Tanbihi alipita dukani kununua sabuni. Makopo yalikuwa yamepangwa mbele kwa msimu mpya, herufi nyekundu zile zile. Alimweleza muuzaji yote, polepole, kama darasani. Muuzaji alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Sawa, mama," alisema. "Lakini huko kwenye hilo jarida, nani anasoma?"

Nyuma yake mteja mwingine alikuwa ameshanyoosha mkono, akiomba apewe makopo mawili.